Msimbo wa Wakati na Hesabu ya Fremu katika Kuhifadhi Kisukuma cha Bariadi

Makusudio ya makala hii ni kueleza, kwa lugha nyepesi kadiri iwezekanavyo, namna wakati unavyohesabiwa katika picha za video, na kazi ya programu za kompyuta ambazo hugeuza hesabu ya picha kuwa saa, dakika na sekunde, na kuirudisha tena. Huenda msomaji akadhani kwamba jambo hili lawahusu mafundi wa sinema na televisheni tu. Lakini kila mwanaisimu aendaye uwandani na kamera, akarudi na masimulizi ya wazee, amekwisha kuingia katika hesabu hii, apende asipende; na asipoijua, matini aliyoyaandika kwa jasho yaweza kutengana na sauti iliyoyazaa. Mifano yetu itatoka Bariadi na mkoa wa Simiyu, kwa kuwa lugha na michezo ya huko yaidhihirisha shida hii waziwazi.

Hoja yetu kuu ni moja, na yafaa itajwe mapema. Alama ya wakati inayoandikwa juu ya picha ya video ni jina la picha hiyo. Haiwi hesabu mpaka ijulikane imehesabiwa tangu wapi na kwa kasi gani. Anayechukua jina akalitumia kama hesabu hukosea, na aghalabu hukosea bila kujua.

1. Bariadi na haja ya picha

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa, sehemu yake kubwa, kutoka mkoa wa Shinyanga. Wilaya zake ni Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, na makao makuu yake ni mji wa Bariadi. Wenyeji wake wengi ni Wasukuma. Eneo la Bariadi ndilo Ntuzu ya zamani, na lahaja yake wenyewe huiita Gimunantuzu. Jina hilo peke yake ni somo. Kiambishi cha ngeli ambacho Wasukuma wa magharibi hukitamka ki-, kwa Wantuzu ni gi-, na kusini-mashariki ni ji-. Wasemaji hawa wote huelewana, lakini sikio la mtafiti halina budi kuzitambua tofauti hizo, na kipimo chake hakina budi kuwa kidogo kuliko tofauti yenyewe.

Pamoja na hayo Kisukuma ni lugha ya toni, chenye irabu saba, fupi na ndefu. Irene Richardson, katika kitabu chake juu ya toni ya Kisukuma kilichochapishwa London mwaka 1959, alishughulika na mambo hayo kwa kina. Na Herman Batibo aliyarudia katika uchunguzi wake wa fonolojia na mofolojia ya Kisukuma, uliotolewa kwa Kifaransa mwaka 1985. Yajulikana sasa kwamba toni ya juu aghalabu haisikiki kwenye silabi iliyo asili yake, bali husogea mbele, mara nyingi kwa silabi mbili. Basi mtafiti anayetaka kuonyesha toni imetoka wapi na imetua wapi hana budi kujua silabi ipi ilitamkwa lini.

Zamani tulikwenda na utepe wa sauti peke yake. Siku hizi twaenda na kamera, na kwa sababu njema. Kijana wa Kisukuma anayemwamkia mzee kwa neno Mwangaluka asubuhi, au Mwadila jua likishapinduka, haamkii kwa ulimi tu. Yuko anayeinama, yuko anayepiga goti, na yuko anayengoja kuulizwa ukoo wake kabla ya kuinua macho. Je, goti hushuka kabla ya neno, pamoja na neno, au baada yake? Swali hili ni la isimu kamili, na utepe wa sauti hauwezi kulijibu. Video yaweza, kwa sharti kwamba wakati wake umehesabiwa sawasawa.

2. Kasi ya fremu

Video ni mfululizo wa picha zilizotulia, moja baada ya moja, zinazopita mbele ya jicho kwa upesi hata jicho likadhani kwamba laona mwendo. Kila picha moja huitwa fremu, na idadi ya fremu zinazopita katika sekunde moja huitwa kasi ya fremu.

Televisheni ya Tanzania, Bara na Visiwani, ilifuata tangu mwanzo kasi ya fremu 25 kwa sekunde, kama nchi nyingi za Ulaya na Afrika. Asili ya kasi hiyo ni umeme. Umeme wetu hupigapiga mara 50 kwa sekunde, na 25 ni nusu yake. Hesabu hapa ni rahisi: fremu moja hudumu milisekunde 40 kamili, dakika moja ina fremu 1,500, na muda wa saa moja una fremu 90,000. Hakuna baki.

Huko Marekani umeme hupigapiga mara 60, na televisheni yao ilianza na fremu 30 kwa sekunde. Nayo ilikuwa hesabu rahisi, mpaka mwaka 1953 ilipokubaliwa namna ya kurusha picha za rangi. Mafundi waliona kwamba mawimbi ya rangi yangeingiliana na mawimbi ya sauti, na ili kuyatenga waliipunguza kasi kidogo sana. Kasi mpya ikawa 30,000 kugawanywa kwa 1,001, yaani karibu fremu 29.97 kwa sekunde. Shida iliyokuwa sababu ya mabadiliko hayo ilikuwa ya mitambo ya zama zile. Lakini kasi yenyewe imebaki, nayo imo hata leo katika kamera zisizorusha wimbi lolote.

Msomaji atauliza: haya ya Marekani yatuhusu nini Bariadi? Yatuhusu kwa kuwa kamera na simu zifikazo kwetu zimetengenezwa kuuzwa ulimwenguni kote, na nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa kwenye kasi ya 30 au 29.97. Watafiti wawili wa msafara mmoja waweza kurudi kutoka Itilima na video za kasi mbili mbalimbali, na kwa kuzitazama tu wasitambue. Ishara moja huonekana usiku: taa za umeme wetu, zikipigwa picha kwa kasi ya 30, mara nyingi humemeteka katika video. Anayeona hivyo na aikague kamera yake.

Simu za mkononi zina shida zaidi. Nyingi hazishiki kasi moja. Mwanga ukipungua, kama jua la Bariadi linapotua hali hadithi haijaisha, simu huchelewesha kila fremu ili ipate mwanga wa kutosha. Video ya namna hiyo haina kasi moja, na kuzidisha idadi ya fremu kwa muda wa fremu moja hakutoi jibu la kweli. Ndani ya faili, hata hivyo, kila fremu huwa imeandikiwa wakati wake yenyewe, na huo ndio wa kuaminiwa.

3. Jina na hesabu

Ili kila fremu iweze kutajwa, chama cha wahandisi wa sinema na televisheni cha Marekani, kijulikanacho kwa herufi SMPTE, kilisanifisha katika miaka ya 1970 namna ya kuziandikia fremu namba zao, na Umoja wa Utangazaji wa Ulaya ukaikubali. Namba hiyo, ambayo hapa tutaiita msimbo wa wakati, ina sehemu nne za tarakimu mbili mbili: saa, dakika, sekunde na fremu. Hivyo 01:12:40:07 ni fremu iliyoandikwa namba 7 katika sekunde ya 40, dakika ya 12, ya saa 1.

Tuangalie namba hiyo vizuri. Kwanza, haisemi kwamba muda wa saa moja na dakika kumi na mbili umepita. Katika utangazaji wa Uingereza vipindi vingi huanza kwenye 10:00:00:00, na Marekani kwenye 01:00:00:00. Namba ya mwanzo huchaguliwa tu. Pili, kwa kuwa hesabu huanza na sifuri, fremu namba 7 ni ya nane katika sekunde yake. Tatu, haisemi kasi. Kama kasi ni 25, fremu hiyo iko milisekunde 280 baada ya sekunde kuanza. Kama ni 30, iko milisekunde 233 hivi.

Mambo hayo si mageni kwetu wasemaji wa Kiswahili. Saa zetu huanza kuhesabiwa alfajiri, na ile iitwayo na wenzetu 09:00 kwetu ni saa tatu. Kuchwa na kucha ni kule kule. Lililohama ni jina. Na katika Kiswahili cha pwani cha zamani hata siku yenyewe huanza magharibi, ndiyo maana usiku wa Ijumaa ni ule utanguliao Ijumaa mchana. Kadhalika katika leo, kesho, keshokutwa, mtondo na mtondogoo: anayehesabu leo kuwa siku ya kwanza atasema mtondo ni siku ya nne, na anayeanza kesho atasema ni ya tatu, nao hawabishani juu ya siku yenyewe.

Tena kuna jambo ambalo lugha yetu hulificha. Neno saa lina kazi mbili, na kwa Kiswahili "saa tatu" yaweza kuwa jina la wakati au kipimo cha muda. "Alifika saa tatu" ni jina. "Alikaa saa tatu" ni kipimo. Na "alingoja saa tatu" haijulikani mpaka msemaji aulizwe. Kwa dakika tunacho kihusishi cha kutenganisha, maana dakika ya tano si dakika tano, lakini kwa saa hatuna. Kwa hiyo katika maandishi ya utafiti yafaa tuandike "muda wa saa tatu" kila tunapokusudia kipimo.

Tuchukue mfano wa daftari la uwandani. Mtafiti aandika kwamba mzee alianza kusimulia saa 3 asubuhi. Kamera yenye saa ya Afrika Mashariki yasema 09:00. Faili la simu, ambalo kwa kawaida huhifadhi saa ya ulimwengu, lasema 06:00. Namba tatu, wakati mmoja. Na ikiwa ngoma ilipigwa saa 8 usiku wa kuamkia Jumamosi, kamera itasema 02:00 Jumamosi na faili litasema 23:00 Ijumaa. Hapo hata tarehe zimetofautiana. Mtu atakayelifungua sanduku la kanda hizo baada ya miaka hamsini atajuaje kwamba hazikuwa ngoma mbili?

4. Namba zinazorukwa

Sasa tufike penye kisa kigumu zaidi. Kwa kasi ya 29.97, fremu zinazopita katika muda wa saa moja ya kweli ni 107,892, kwa hesabu ya fremu kamili. Lakini msimbo wa wakati huhesabu fremu 30 katika kila sekunde, na kwa hiyo hungoja fremu 108,000 ndipo useme saa moja imetimia. Tofauti ni fremu 108. Msimbo huchelewa sekunde 3.6 nyuma ya saa ya ukutani kwa kila saa moja.

Mafundi waliitibu kasoro hiyo kwa hila. Mwanzoni mwa kila dakika namba 00 na 01 za fremu hurukwa, isipokuwa dakika zinazogawanyika kwa kumi, yaani 00, 10, 20, 30, 40 na 50. Katika saa moja dakika 54 huruka namba mbili mbili, jumla 108, na upungufu ukafidiwa. Baada ya fremu iitwayo 00:00:59;29 hufuata moja kwa moja iitwayo 00:01:00;02.

Hapa wengi huteleza, nao hupotoshwa na jina la kigeni la mtindo huu, lisemalo kwamba fremu "zadondoshwa". Hakuna fremu inayodondoshwa. Picha zote zipo, sauti yote ipo, wala mzee hakukatizwa neno. Ni sawa na mwalimu anayeandika daftari la mahudhurio akaruka namba 1 na 2: mtoto wa kwanza ataitwa namba 3, lakini watoto darasani hawakupungua.

Tufanye hesabu moja mpaka mwisho. Msaidizi wa utafiti ameandika kwamba wimbo waanza fremu 43,158 katika video ya kasi ya 29.97. Kila dakika kumi zina fremu 17,982. Humo mna dakika kumi mbili, yaani fremu 35,964, zikabaki 7,194. Katika mabaki hayo dakika ya kwanza ina fremu 1,800 na kila dakika ifuatayo ina 1,798. Kwa hiyo mipaka minne ya dakika imekwisha kuvukwa. Namba zilizorukwa ni 18 kwa kila dakika kumi, ndizo 36, na 2 kwa kila mpaka wa baadaye, ndizo 8, jumla 44. Twaongeza 44 kwenye 43,158, twapata 43,202. Twagawanya kwa 30, twapata sekunde 1,440 na baki ya 2. Jina la fremu hiyo ni 00:24:00;02. Na wakati wake wa kweli ni dakika 24 na milisekunde 39 hivi. Jina na wakati vimekubaliana.

Aliyesahau kuruka namba angaliipa fremu ile ile jina la 00:23:58:18. Na aliyedhani kwamba video ni ya kasi yetu ya 25 angaliutafuta wimbo kwenye dakika ya 28 na sekunde ya 46, asiukute, pengine akaandika kwamba kanda imeharibika.

Tofauti ya namna mbili hizi za kuandika huonyeshwa kwa kituo kimoja tu: nukta pacha kwa msimbo usioruka, nukta mkato kabla ya fremu kwa msimbo unaoruka. Sisi tuliozoea kuona maana ikibadilika kwa toni au kwa urefu wa irabu hatupaswi kulidharau jambo hili. Mpiga chapa anayesawazisha vituo ili ukurasa upendeze amebadilisha maana.

5. Kazi ya maktaba ya programu

Hesabu tuliyoifanya hapo juu haifai kurudiwa kwa mkono mara elfu. Ndiyo maana watunga programu wameiandika mara moja na kuiweka katika kile kinachoitwa maktaba, yaani mkusanyiko wa taratibu ambazo programu nyingine huziazima bila kuzitunga upya. Mfano mmoja ulio wazi kwa kila mtu kuusoma na kuutumia ni OpenTimelineIO, ulioanzishwa katika kampuni ya sinema ya Pixar na sasa uko chini ya Academy Software Foundation. Yafaa tuutazame jinsi unavyoufikiri wakati, kwa kuwa fikira hiyo ndiyo muhimu kuliko programu yenyewe.

Katika maktaba hiyo hakuna wakati unaoandikwa kwa namba moja. Kila wakati ni namba mbili pamoja: idadi na kasi. Fremu 43,158 peke yake haina maana. 43,158 kwa kasi ya 29.97 ina maana. Kutokana na jozi hiyo maktaba hutoa sekunde, au msimbo wa wakati, au idadi ya fremu kwa kasi nyingine; nayo hupokea msimbo ikautoa kuwa jozi. Jina huundwa wakati wa kusomwa na binadamu, na hesabu hufanywa kwa jozi. Huu ni mgawanyo ambao mwanafunzi yeyote wa isimu ataukubali, maana ndio ule wa umbo na maana.

Mambo mawili mengine hupasa kuangaliwa katika maktaba yoyote. La kwanza ni kasi kuandikwa kwa sehemu kamili, 30000/1001, kama vile FFmpeg, programu itumikayo sana katika kazi za video, inavyoiandika. Anayeandika 29.97 tu amekata sehemu moja katika milioni. Kwa saa moja kosa ni milisekunde 3.6 tu, lakini kwa mkusanyiko wa saa kumi uliounganishwa ni milisekunde 36, na hiyo ni zaidi ya fremu moja.

La pili ni namna ya kukadiria, na hili latugusa moja kwa moja. Programu ya ELAN, iliyotengenezwa katika Taasisi ya Max Planck ya Isimu-Saikolojia mjini Nijmegen, Uholanzi, hutumiwa na wanaisimu wengi kuandika matini chini ya video. Hiyo huhifadhi mwanzo na mwisho wa kila kipande kwa milisekunde. Sasa fremu yetu 43,158 huanza kwenye sekunde 1,440.0386. Anayekata tarakimu za mwisho bila kukadiria huandika 1,440.038. Akiirudisha kuwa fremu, wakati huo uko kabla kidogo ya fremu 43,158 kuanza, kwa hiyo hupata 43,157. Akirudia tena hupata 43,156, kisha 43,155. Kila safari ya kwenda na kurudi huiba fremu moja. Safari tano zimesogeza mwanzo wa kipande kwa milisekunde 167 hivi, na huo ni muda wa kutosha kutamka silabi. Katika lugha ambayo toni huhama silabi mbili, matini yaliyohama silabi moja ni ushahidi wa uongo. Dawa yake ni nyepesi: kukadiria kwenye milisekunde iliyo karibu zaidi, na wakati wa kurudi kukadiria kwenye fremu iliyo karibu zaidi. Hapo 1,440.039 hurudi 43,158 daima.

Hata hivyo fremu isidaiwe zaidi ya uwezo wake. Tofauti ya ki- na gi- yategemea mtikisiko wa nyuzi za sauti umeanza lini, na hilo ni jambo la milisekunde chache, ilhali fremu moja ni 40. Kwa hiyo goti na mkono vipimwe kwa fremu. Konsonanti ipimwe katika sauti, ambayo kwa kawaida huchukuliwa sampuli 48,000 kwa sekunde, yaani 1,920 ndani ya kila fremu ya kasi ya 25.

6. Ngoma mbili uwanja mmoja

Haja ya msimbo wa wakati huonekana kuliko yote katika mashindano ya ngoma. Wasukuma wana vyama viwili vikuu vya ngoma, Bagika na Bagalu, na masimulizi huvitaja waanzilishi wao kuwa Ngika na Gumha. Katika mashindano makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na watazamaji huhama kutoka huku kwenda kule. Kundi linalovuta umati mkubwa ndilo mshindi. Basi maneno ya mwimbaji wa upande mmoja hayaelewi asiyejua upande wa pili walikuwa wakiimba nini dakika ile ile, na umati ulikuwa umeelekea wapi.

Kamera moja haitoshi. Zahitajika mbili, pengine tatu, na lazima ziunganishwe. Wengi huunganisha kwa kupiga makofi mbele ya kamera zote. Njia hiyo ni njema, lakini sauti haifiki papo hapo: huenda karibu mita 340 kwa sekunde, yaani mita 13 au 14 katika fremu moja ya kasi ya 25. Kamera iliyo mita 68 kutoka kwa mpiga kofi itaisikia fremu 5 baada ya kuiona. Katika uwanja mpana ziunganishwe kwa jicho, kwa fremu ambayo viganja vimekutana.

Tena saa za kamera mbili haziendi sawa kabisa. Tofauti ya sehemu 20 katika milioni si ya ajabu, nayo huzaa milisekunde 72 katika saa moja, karibu fremu mbili. Ngoma ya alasiri nzima yahitaji kofi la mwanzo na kofi la mwisho, ili tofauti hiyo ipimwe na kugawanywa.

7. Juu ya istilahi

Jarida hili halingeridhika tukiyaacha maneno bila kuyajadili. Kwa fremu hatuna sababu ya kutafuta jingine. Ni kweli kwamba neno hilo hutumika kwa mlango, na mtaani hata kwa chumba cha duka kinachopangishwa. Lakini muktadha hutosha, na neno picha lina kazi nyingi mno kuweza kulirithi. Msimbo wa wakati twaupendelea kwa kuwa msimbo ni mfumo wa alama, na ndivyo jambo lenyewe lilivyo. Maktaba ya programu nayo yafaa, kwa kuwa yaliyomo huazimwa kama vitabu.

Lakini kwa mtindo wa dakika zinazoanza na 02 twapinga tafsiri ya "fremu zilizodondoshwa". Wageni wamekwisha kulipa gharama ya jina hilo baya: kila mwanafunzi wao huanza kwa kuamini kwamba picha zatupwa, kisha hufundishwa kuliacha alilofundishwa na jina. Sisi tunaoanza leo hatuna deni hilo. Twapendekeza "msimbo wenye kuruka" na "msimbo usioruka". Kinachoruka hapo ni msimbo, nao ndio uruka kweli.

8. Mapendekezo

Mradi wa Lugha za Tanzania ulioanza mwaka 2001 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Atlasi yake iliyotolewa mwaka 2009, umetuonyesha utajiri wa lugha za nchi hii. Kazi ya kuzirekodi itaendelea, na sehemu kubwa itafanywa na vijana wenye simu. Kwa kila rekodi itokayo Bariadi, Maswa au Meatu, twashauri yaandikwe mambo matano: kasi ya fremu kwa sehemu kamili, au kwamba kasi si moja, kama msimbo waruka au hauruki, namba ya fremu ya kwanza, saa ya kuanza kwa Kiswahili, pamoja na saa ya kamera na eneo lake la saa, na kama kofi lilipigwa, fremu ya kofi katika kila kamera. Faili la asili lisibadilishwe kasi kamwe. Nakala ndiyo igeuzwe.

Mambo hayo matano huandikwa katika mistari mitano, na hayahitaji fundi. Kisukuma kina wasemaji wengi kuliko lugha nyingine yoyote ya jamii katika Tanzania, na kwa hiyo twaweza kudhani kwamba hakiko hatarini. Lakini mzee wa Ntuzu anayejua nyimbo za mashindano ya ujana wake ni mmoja, na hatasimulia mara ya pili kwa sababu sisi tulisahau kuandika kasi ya kamera. Asiyekuwapo atakuwa na sauti yake na matini yetu tu. Na kinachoviunganisha viwili hivyo ni namba, ikiwa tumeiandika pamoja na maana yake.